Siku Kanisa Lilipokwenda Kumposea Mjomba Mke Wake

Tuliokuwepo siku ile tulikuwa sita, na nitawataja wote isipokuwa majina. Majina ninayo, yote, ya nyumbani na ya ubatizo, hata ya baba zao. Lakini wajukuu wao wamesoma, na mimi bado nataka kusalimiwa sokoni.

Wa kwanza ni mwenye boma, mzee mkulima wa tumbaku. Alikuwa mjomba wa mume wangu, yaani kaka mkubwa wa marehemu mama mkwe wangu. Wa pili ni mke wake, ambaye mlima wote ulimwita Kogo, ndiyo nyanya kwa lugha yetu. Hata watu wa rika lake walimwita hivyo, kana kwamba alizaliwa akiwa mzee. Wa tatu ni shemeji yangu, mume wa dada ya mume wangu, mzee wa kanisa na mtu wa koti. Wa nne ni mwenyekiti wa akina mama. Binti yake ameolewa na kijana wangu wa kwanza, kwa hivyo ni lazima nimpende. Wa tano ni pasta, kijana kutoka upande wa ziwa, ambaye hakuwa na undugu na mtu yeyote pale, ndiyo maana ni yeye peke yake aliyeshangaa. Wa sita ni mimi, niliyeitwa kubeba sukari.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, wakati kila mtu kwetu alikuwa anapanda chai mpaka mlangoni mwa choo. Ukiamka asubuhi huoni wimbi, huoni mtama, unaona kijani tu, na katikati ya kijani mabati mapya ya watu waliopata bonasi. Mjomba naye alikuwa na chai yake, lakini kule chini karibu na kijito, palipokuwa zizi la ng'ombe zamani, alibakisha kipande cha tumbaku. Hakikuwa kikubwa. Kuku angekivuka bila kupumzika.

Lakini kanisani kipande hicho kilikuwa kikubwa kuliko mashamba ya kampuni. Kilihubiriwa. Pasta wa kabla ya huyu alikihubiri, na wa kabla yake pia. Mahubiri yalianza Mwanzo, yakapita Sodoma, yakateremka mpaka kwenye kijito chetu, na hapo yakakaa. Mjomba mwenyewe hayakumsumbua kwa sababu hakuwa anakuja kanisani. Jumapili yeye alikuwa amekaa juani, ananusa ugoro wake, anasubiri wanaume waliotoka kuhubiriwa wateremke kwa njia ya nyuma kuja kumsalimu.

Aliyeumia ni Kogo. Kogo aliokoka zamani, wakati kanisa lenyewe lilikuwa la nyasi. Lakini Meza ya Bwana hakuwahi kuikaribia, kwa kuwa alikuwa na makosa mawili, yote ya mume. La kwanza, walioana kienyeji, kwa ng'ombe, na kanisa halikuwahesabu ng'ombe. La pili, alikuwa mke wa mkulima wa tumbaku. Kwa hivyo siku ya Meza, sinia likianza kuzunguka, Kogo alikuwa anainuka na leso yake na kuhamia benchi la nyuma, pamoja na wasichana waliopata mimba na wanaume walionuka pombe ya busaa. Mwanamke mwenye vitukuu! Na kile kitambaa cheupe kinachofunika Meza, aliyekuwa anakifua na kukipiga pasi ya makaa ni nani? Ni yeye. Kufua hakukuwa na sheria.

Mwaka ule alilazwa hospitali ya Kaplong kwa sababu ya kifua. Alirudi amekuwa mwepesi kama kikapu kitupu. Mwenyekiti na mimi tulipokwenda kumwona, alituambia, "Dawa nimepewa. Sasa nataka Meza. Sitaki kubebwa kaburini kutoka benchi la nyuma."

Alisema hivyo tu, halafu akatuuliza kama tutakunywa chai. Mwenyekiti, ambaye huwa hanyamazi, akalipeleka neno hilo kwenye kamati.

Kamati ikakaa. Kamati ya kanisa letu ilikuwa inajua sana kukaa, kuinuka ndiyo ilikuwa shida. Ikaamua kwamba kwa kuwa mgonjwa ni Kogo, atakayetibiwa ni mjomba. Tumwendee, tumwambie ang'oe tumbaku, halafu amwoe mke wake kanisani. Akifanya hayo mawili, Kogo ataruhusiwa. Asipofanya, basi, Kogo aendelee kuomba. Wakachaguliwa watu wa kwenda. Pasta kwa sababu ni pasta, shemeji kwa sababu ndiye msemaji wa posa wa mlima mzima na hakuna binti aliyetoka kwetu kuolewa bila yeye kukohoa kwanza, mwenyekiti kwa sababu hangekubali kubaki, na mimi kwa sababu mikono yangu ilikuwa tupu.

Tuliteremka mchana, mvua ikiwa imetoka kunyesha. Pasta alivaa viatu vyeusi vya kung'aa. Tulimwambia avae gambuti, akasema mtumishi lazima aonekane. Alionekana. Alionekana akianguka karibu na daraja, na tena kwenye mteremko wa chai, na shemeji akamwinua kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umeshika koti lisifunguke. Jua lilikuwa limetoka na shemeji alikuwa anatoka jasho, lakini koti hakuvua. Nilidhani ni heshima.

Tulipita kando ya tumbaku yenyewe. Ilikuwa imesimama vizuri, majani mapana kama sinia, yamekatwa maua juu ili nguvu irudi chini. Hakukuwa na gugu hata moja. Pasta aliiangalia kama mtu anayemwangalia nyoka aliyelala. Mwenyekiti aliangalia upande mwingine. Shemeji aliangalia majani, akameza mate.

Mjomba alikuwa anatungoja ndani ya nyumba ya zamani, ile ya udongo, kwa sababu ile ya mabati alisema ina baridi na ni ya watoto. Kiswahili chake alikitoa kambi ya chai, chini ya nyapara, kwa hivyo kila neno lake lilikuwa amri.

"Ingia! Kaa! Kunywa!"

Kogo akateremsha kibuyu, akatumiminia mursik. Sisi wengine tulikunywa. Pasta aliangalia yale maziwa yenye rangi ya majivu, akasema, "Baba, asante, lakini mimi nimetoka kunywa chai."

"Chai ni maji," alisema mjomba. "Hapa mtu anakunywa kwanza, maneno inakuja nyuma."

Pasta akafunga macho, akanywa yote mara moja kama dawa ya minyoo. "Ni nzito," akasema. "Ni nzuri."

"Anasema ni nzuri," mjomba akamwambia Kogo. "Ongeza yeye."

Kogo akaongeza. Halafu akarudi kwenye kigoda chake karibu na meko, akashika kifua, akakohoa kwa ndani, polepole, asisumbue wageni. Juu ya meko, kwenye moshi, majani ya tumbaku yalikuwa yananing'inia, safu kwa safu. Sisi wanne hatukuinua macho. Mtu angesema nyumba ile haina paa.

Pasta akapangusa mdomo, akaanza. "Baba, tumekuja kwa sababu ya harusi."

"Harusi ya nani?"

"Yako, baba."

Mjomba akaangalia huku na huku. "Na mimi naoa nani?"

"Mama huyu hapa."

"Huyu? Huyu si nililipa ng'ombe? Ng'ombe imekufa, watu walikula ng'ombe imekufa, na huyu bado iko."

"Tunasema mbele ya Mungu, baba."

"Wakati wa ng'ombe, Mungu alikuwa ameenda safari?"

Mwenyekiti akasema "Shindwe!" kwa sauti ndogo. Shemeji akakohoa kile kikohozi chake cha kazi. Pasta, ambaye ninamsifu kwa uvumilivu, akaendelea. "Hatujaja kugombana, baba. Tumekuja kukuomba. Tunakuomba ukubali huyu mama aolewe kanisani."

Hapo mjomba akakaa wima.  "Ah," akasema. "Nyinyi mmekuja kuposa."

"Ndiyo, baba," akasema pasta kwa furaha, akidhani ameshinda.

"Mnaposa huyu mama."

"Ndiyo, baba."

"Kwa ajili ya mimi."

"Ndiyo!"

"Sawa. Baba yake alikufa. Ndugu zake wote alikufa. Mzee wa kuulizwa ni mimi nimebaki. Basi kaa vizuri."

Akatupanga. Sisi tuliokuja kuposa, upande wa mlango. Mwenyekiti akasukumwa mpaka pale mbuzi wanapolala. Mimi nikawekwa nyuma yake na sukari yangu. Mjomba mwenyewe akavuta kiti chake upande wa ndani, kando ya Kogo, akawa sasa ni baba wa bibi harusi. Kogo alificha mdomo kwa leso. Nikadhani anakohoa, lakini mabega yalikuwa yanacheka.

Sasa kwa wasiojua. Kwetu, watu wakija kuposa hawatoi neno lao hivi hivi. Wanaulizwa mvua, wanaulizwa ng'ombe, halafu mzee wa nyumba anagonga fimbo chini na kusema nyumba imefungwa. Hapo waliokuja ndio wanaotoa tumbaku. Inazunguka, kila mzee anachukua kidogo, anapiga chafya, na ndipo maneno yanafunguka. Kanisa lilikataza jambo hilo. Siku hizi tunafungua kwa soda. Soda haijawahi kumpigisha mzee yeyote chafya, na ndiyo maana maneno ya siku hizi yanafunguka nusu, na wasichana wanarudi nyumbani kabla ya mvuke wa pilau kuisha.

Basi mjomba akagonga fimbo chini, akasema kwa lugha yetu, kwa ile sauti ya zamani, "Nyumba imefungwa."

Na mkono wa shemeji ukaenda.

Sisemi shemeji alienda. Shemeji alikuwa ameketi pale na uso wa mzee wa kanisa. Ni mkono. Mkono ule ulikuwa umeisikia sentensi hiyo kila Disemba, wakati wa posa, tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, na ulijua njia. Uliingia ndani ya koti upande wa kushoto, pale tulipodhani kuna Biblia ndogo, ukatoka na mkebe. Mkono wa pili ukaja kuusaidia, kwa heshima, na shemeji akaunyoosha mkebe mbele ya mjomba kwa mikono miwili na kichwa kimeinama, vile vile anavyonyoosha sinia la Meza.

Mjomba akaupokea.

Ndipo shemeji akazinduka. Nimeona watu waliopigwa na ng'ombe, nimeona mtu aliyeketi juu ya siafu, lakini uso kama ule sijauona tena.

"Ni nini hiyo, mzee?" akauliza pasta. Maskini, alikuwa anauliza kweli.

"Dawa," akasema shemeji.

"Ya nini?"

"Ya kichwa. Kichwa huwa kinaniuma. Saa zingine."

Mjomba akafungua mfuniko, akanusa kwa mbali, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hii dawa ni mzuri," akasema. "Ni kali. Imetoka kwangu."

"Imetoka kwako wapi?"

Hiyo ilikuwa sauti ya Kogo, kutoka mekoni. Hakuwa ameipaza. Hakuwa na kifua cha kupaza.

"Kwa shamba yangu," akasema mjomba.

"Shamba ni lako. Hata chai ni yako, kiwandani kuna jina lako. Hata ng'ombe ni wako, ingawa anayezijua chuchu zake ni mimi. Lakini hii tumbaku, wewe ulishika jembe lini? Nani anamwagilia kitalu? Nani anakata maua, nani anapanda juu ya meko na moshi, nani anasaga mpaka vumbi linajaa kifuani? Wewe unanusa."

"Na nauza," akasema mjomba. Aliumia kidogo.

"Na unauza," Kogo akakubali.

Sisi wanawake wawili pale mlangoni hatukushangaa hata kidogo. Hakuna mwanamke kwetu ambaye hakujua. Kila kitu kwetu kina mkulima wake na kina mtu anayekilima, na si mtu mmoja. Kanisa ndilo halikujua, kwa sababu kanisa halikuuliza, na ukiwa benchi la nyuma huwezi kuinua mkono.

Kogo akamgeukia pasta. "Pasta, mwanangu, mimi sikusoma. Nisaidie. Mlisema sikaribii Meza kwa sababu mimi ni mke wa mkulima wa tumbaku. Sivyo?"

"Ndivyo, Kogo."

"Sasa mkulima ni mimi. Huyu ni mume wa mkulima. Sheria yake inasemaje?"

Pasta akafungua mdomo. Mwenyekiti akamwahi. 

"Basi ni mbaya zaidi!" akasema. "Kumbe dhambi ni yako mwenyewe! Miaka yote tunamwombea mzee bure!"

"Ni yangu," akasema Kogo. "Na wewe, mvua iliyopita ulikuja hapa na ndoo kuchukua majani ya nini?"

"Hiyo ilikuwa ya kabichi! Wadudu walikuwa wanamaliza kabichi, nikaloweka nikanyunyizia!"

"Kabichi zako hazijaokoka?"

"Kogo, kabichi si mtu!"

"Na kile kifurushi unapelekea mzee wako Jumamosi, naye ni kabichi?"

Mwenyekiti akaanza kukunja leso yake, akaikunja mpaka haikuwa na pa kukunjika tena. Kogo akaniangalia mimi. Akaniangalia vizuri, halafu akaniruka. Sitasema kwa nini. Mume wangu ni marehemu, na marehemu hasemwi.

"Tuombe," akasema pasta.

Pasta akikwama huomba, wala si huyu tu. Tukafunga macho. Aliombea wagonjwa, akaombea wasafiri, akaombea serikali na watoto wanaofanya mtihani, ingawa shule zilikuwa zimefungwa. Akaombea mvua na ilikuwa imetoka kunyesha. Alikuwa anamtafuta Mungu kila mahali isipokuwa mle ndani. Na aliposema amina, mjomba akapiga chafya ambayo ilimwamsha mbuzi.

Alikuwa ametumia wakati wa maombi vizuri. Kidole kilikuwa bado cheusi.

"Maneno imefunguka," akasema, akapangusa machozi. "Mimi nakubali harusi. Mmeomba vizuri, na tumbaku mmeleta. Hata tai nitavaa. Lakini kung'oa," akaelekeza fimbo mekoni, "uliza mwenye kazi."

Wote tukamgeukia Kogo. Nakumbuka kwamba hata pasta alivuta kiti, akamgeukia yeye kabisa, na mjomba akabaki kando kama mgeni.

"Nitang'oa," akasema Kogo. "Mimi mwenyewe. Lakini Meza kwanza."

"Kogo, toba inatangulia Meza."

"Toba nimetubu. Pasta wa kwanza aliniambia ningoje mzee aokoke. Wa pili akaniambia ningoje kanisa lipate mabati. Likapata. Wa tatu akaniambia ningoje pasta mwingine, na ndiyo wewe umekuja. Sasa kungoja kwenyewe kumezeeka kuliko mimi."

"Na nikikupa Meza, halafu using'oe?"

"Na niking'oa, halafu usinipe?"

 Pasta yule hakuwa mbaya. Alikuwa anafikiria wakubwa wake, na barua wanazopenda kuandika, na mahali pa mbali wanapopelekwa mapasta wanaopenda huruma. Wakati anafikiria, kifua cha Kogo kikamshika. Alikohoa akainama mpaka paji la uso likagusa magoti, na hakikuacha. Sisi wa posa tulikaa tu upande wetu wa mlango, kwa sababu ya ule mpango, hakuna aliyejua kama anaruhusiwa kuvuka. Mjomba ndiye aliyeinuka. Yule mzee ambaye huita mtoto amletee fimbo iliyo karibu na mguu wake, aliinuka peke yake, akamshika Kogo mgongo, akakaa hivyo amemshika mpaka kikohozi kikaisha. Halafu akamwambia pasta, na safari hii haikuwa amri.

"Mpe. Mimi sijui hiyo kitu ni nini. Lakini tangu zamani anaitaka. Mimi nitanusa majivu."

Pasta akamwangalia shemeji, kama inavyotakiwa pasta amwangalie mzee wa kanisa akitaka shauri. Shemeji alikuwa anauangalia mkebe wake, ambao bado ulikuwa mkononi mwa mjomba, wazi.

"Mimi naona neema," akasema shemeji. "Neema inatosha."

"Inatosha kabisa," akasema mwenyekiti.

Nimekaa kwenye kanisa hilo maisha yangu yote, na sijawahi kuona neema ikiwashukia wanakamati haraka namna ile.

"Jumapili ya Meza," pasta akasema mwishowe. "Harusi kwanza, halafu Meza. Nitampa mimi mwenyewe." Ninampa haki yake, hakurudi kuuliza kamati. Kama angeuliza, ingekuwa bado imekaa.

Harusi ikawa. Gauni lilikuwa la mkaza mwanangu, yule binti wa mwenyekiti, ambaye wakati wa harusi yake alikuwa na mwili. Kwa Kogo tulilibana mgongoni kwa pini mpaka akasema anajisikia kama nguo iliyoanikwa. Mjomba alivaa tai kama alivyoahidi, na gambuti, ambazo hakuna aliyekuwa amezitaja. Shemeji ndiye aliyemfunga tai. Walisimama karibu sana wakati wa kufunga, na mkono ukaingia mfukoni mwa nani na kutoka mfukoni mwa nani sikuona, lakini shemeji alirudi akiwa na furaha zaidi. Pasta alipomuuliza mjomba kama anamkubali mwanamke huyu, mjomba aliangalia kanisa zima na kuuliza, "Sasa hiyo ni swali?"

Halafu sinia likaja. Wasichana wenye mimba wakainuka kwenda nyuma, na wanaume wa busaa, kama kawaida. Kogo pia aliinuka kidogo. Ilikuwa mazoea tu, mwili unajua njia. Mimi nilikuwa kando yake, nikamshika gauni pale penye pini, akakaa. Pasta akaja mpaka mbele yake, akampa kwa mkono wake. Kogo alikishika kile kipande cha mkate muda mrefu, akakigeuza, akakiangalia pande zote kama anayenunua kuku. Halafu akala. Alitafuna polepole mpaka watu wakaanza kukohoa.

Tulipotoka nje nikamuuliza, "Kogo, ilikuwaje?"

"Ni kidogo," akasema. "Vile walikuwa wanaichunga, nilidhani ni kubwa." Akatembea hatua chache, akasimama kupumua. "Lakini nimekula."

Kesho yake asubuhi alichukua jembe. Hakungoja kuambiwa. Sisi wanawake tulikwenda kumsaidia, wengi, hata wale ambao hawakuwa wamesaidia mtu yeyote tangu uhuru, na kila mmoja aliporudi nyumbani leso yake ilikuwa nene kuliko alivyokuja. Wanaume walikuwa wanapita kwenye njia ya juu, mmoja mmoja, wamevua kofia, kama watu wanaopita penye matanga. Shemeji alipita pia. Mjomba alikaa juani na kutazama. Mahali pale Kogo alipanda viazi.

Baada ya hapo mjomba alikuwa analetewa ugoro kutoka Mulot na watu wa ng'ombe. Alisema ni vumbi la barabara waliloliuza kwa wazee. Alinusa hivyo hivyo, akalalamika hivyo hivyo, na hakuwahi kumwambia Kogo apande tena. Hilo nililiona mwenyewe.

Kogo hakula Meza mara nyingi. Kifua kilimshinda kabla ya mvua ndefu nyingine. Lakini alikuwa ameketi benchi la mbele Jumapili zote alizoweza kutembea, na siku ya kumzika jeneza liliwekwa mbele pia. Pasta mmoja mkubwa alikuja kutoka mbali kuhubiri. Alitueleza jinsi maombi ya kanisa yalivyomshinda mkulima mkaidi wa tumbaku, mzee wa boma lile, mpaka akang'oa mimea yake kwa mikono yake mwenyewe na kumkomboa mke wake. Mjomba, ambaye Kiswahili cha mahubiri kilikuwa kinampita, aliinua mkono kushukuru. Sote tukasema amina. Mwenyekiti ndiye aliyesema kwa sauti kubwa zaidi.

Ndivyo ninavyokumbuka mimi. Mimi nasema Kogo aling'oa yote mpaka shina la mwisho, nilikuwepo na mgongo wangu ulijua. Mwenyekiti, ambaye bado yuko hai na bado ni lazima nimpende, anasema ulibaki mche mmoja nyuma ya choo, tena uliopaliliwa. Mimi kule nyuma sikwenda. Kama kuna mtu wa upande ule aliyeuona, au aliyebaki na mbegu yake, na anisahihishe. Lakini aje kwangu, asipitie kwenye kamati.